Mzimu wa Ukurasa wa Thelathini na Tatu

Mwalimu wa nidhamu alikuwa na sauti iliyopenda sheria. Jumatatu ile asubuhi alipanda kijukwaa cha saruji mbele ya shule nzima, akaufungua Mwongozo wa Nidhamu mpya, bado unanuka gundi, akaanza kuusoma kana kwamba ameutunga yeye. Akasoma habari za sare. Akasoma habari za nywele, akaja kwenye kucha, na kwenye kucha akakaa. Watoto mia nne walisimama juani wakibadilisha miguu, na walimu wenzake walikwisha kutazama saa mara tatu. Kama yuko mtu anayejua kwa nini watu wazima huamini kwamba sheria huingia kichwani kwa kusomewa juani, na ajitokeze atueleze.

"Kanuni ya kumi na tisa," akasoma. "Mwanafunzi atakayepatikana nje ya darasa bila kibali cha mwalimu wa zamu..."

Jicho lake likahama kutoka ukurasa wa thelathini na mbili kwenda wa thelathini na tatu, na sauti ikafuata bila kuuliza.

"...hakuwa na kivuli. Mwalimu akaita jina la mwisho daftarini, jina la mtoto aliyezikwa mwaka juzi. Dawati la nyuma likasogea lenyewe, na pale pasipo na mtu sauti ndogo ikajibu..."

Hapo akanyamaza. Lakini alichelewa, kwa sababu darasa zima la sita, watoto arobaini na watatu waliokuwa wanasinzia tangu kwenye sare, walimmalizia kwa pamoja, kwa raha zao zote:

"Nipooo!"

Shule ikaangua kicheko. Wawili wa darasa la kwanza wakaanza kulia, mmoja kwa kumwogopa mzimu, mwingine kwa kuwa mwenzake analia. Mwalimu wa nidhamu akaugeuza mwongozo, akautazama jalada, akaufungua tena. Mzimu alikuwa bado yumo. Alikuwemo hadi ukurasa wa arobaini na nane, ambako msichana mmoja anashika kitasa cha mlango, na upande wa pili mtu anashika kitasa pia, na, kwa mujibu wa ukurasa wa arobaini na tisa, wazazi wataarifiwa kwa maandishi.

"Nani amewafundisha maneno haya?"

Vidole arobaini na viwili vikamwelekea mtoto mmoja mwembamba mwenye soksi iliyoshuka. Shuleni na nyumbani walimwita Kasuku, kwa sababu akisikia jambo mara moja hulisema mara kumi. Alikuwa na miaka kumi na moja. Vitabu vinne vya mizimu vilivyokuwa kwenye kabati la shule alikuwa amevisoma mpaka vikaachia majalada, na vilipokwisha akaanza kuwasimulia wenzake kingine, kipya, ambacho hakuna aliyekiona.

"Umekisoma wapi kitabu hiki?"

"Sijakisoma, mwalimu. Mama ndiye hunisimulia jioni." Kisha, kwa fahari ileile ambayo watoto wengine husema baba yangu anaendesha gari la wagonjwa, akaongeza: "Mama yangu ndiye anayevitengeneza. Hata huo mwongozo ameutengeneza yeye."

Mdomo huponza kichwa, ila safari hii kilichoponzwa kilikuwa kichwa cha mtu mwingine. Mwalimu wa nidhamu hakuhitaji kupiga ramli. Nyuma ya jalada lilikuwepo jina la kiwanda cha uchapaji, na mbele yake alisimama binti wa mtu wa kiwandani. Akaenda ofisini kuandika barua.

Barua ilifika nyumbani saa saba mchana mkononi mwa Kasuku mwenyewe. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani alikaa bibi, mama mzaa baba, akichambua mboga. Baba, fundi bomba, alikuwa amerudi kula, funguo zake za kazi zimelala miguuni.

Aliisoma barua mara moja kimya, mara ya pili kwa sauti.

"'Mzazi atajwaye hapo juu anashukiwa kusababisha kuchanganywa kwa maandishi yasiyofaa ndani ya nyaraka za elimu.' Haya. 'Nakala: Katibu, Umoja wa Walimu Wakuu. Nakala: Meneja wa kiwanda.'" Akaishusha karatasi. "Nakala mbili! Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuandikiwa barua yenye nakala. Mtoto wa darasa la sita ananiletea nakala mbili kwa siku moja."

"Baba, mimi nilisema tu..."

"Ulisema tu. Ndiyo shida yako, unasema tu!"

Bibi hakuacha kuchambua mboga. "Mke mwenzangu, uliwasimulia mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye kitasa, bibi."

"Basi hapo hapo panatosha. Wasipewe vyote bure."

"Mama!" Fundi bomba akajishika kichwa. "Mke wangu atafukuzwa kazi, na wewe unauliza mambo ya kitasa?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Mabomba ya watu hupasuka yanapotaka yenyewe. Kuna wiki yanapasuka mitaa mitatu, na kuna mwezi mzima mji wote unakaa mkavu kama biskuti. Mshahara wa mkewe ndio uliokuja kila mwezi bila kungoja msiba wa mtu. Kila mtu kwenye kibaraza kile alilijua hilo, hata Kasuku, ambaye kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema alikaa mlangoni asiseme.

Mama alirudi saa kumi na moja na nusu. Hakuwa na habari. Aliweka mkoba, akavua viatu, akaona nyuso tatu zinamtazama, akauliza, "Nani amekufa?"

Mumewe akampa barua. Alipofika kwenye maneno ukurasa wa thelathini na tatu, alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, maana kiti kilikuwa mbali.

"Alhamisi," akasema. "Mungu wangu. Alhamisi baada ya chakula."

Kazi yake ilikuwa ya meza. Karatasi zikitoka mashineni hukunjwa zikawa mafungu, kila fungu kurasa kumi na sita. Mafungu hupangwa kwa mstari juu ya meza ndefu, la kwanza, la pili, la tatu, mpaka mwisho, na akina mama watatu huizunguka meza wakiokota moja moja, hivi kwamba ukimaliza kuzunguka una kitabu mkononi. Msimamizi wao, waliyemwita Bwana Rula kwa sababu hata chooni alikwenda na rula, alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko watoto wake: mafungu yalale kifudifudi. Anayesoma hakunji, alisema. Na tangu mtihani mmoja uvuje kwenye kiwanda cha watu wengine, mlinzi wa getini alipekua mikoba yote jioni, mpaka kwenye bakuli la chakula. Hata kipande cha karatasi kilichochanika hakikutoka.

Kwa hiyo mama huyu, ambaye binti yake alikuwa na njaa ya mizimu na kabati la shule limekwisha, alikuwa anaitoa hadithi kiwandani ikiwa kichwani. Alisoma wakati wa chakula, nusu saa yake mwenyewe, mkono mmoja kijiko mkono mwingine fungu. Jioni akafika nyumbani akaimwaga. Kasuku alisikiliza akiwa amemshika mkono kwa nguvu, kwa sababu ndivyo raha ya kuogopa ilivyo: huogopi vizuri mpaka uwe umeshika mtu. Bibi alisikiliza ili akosoe. "Mzimu gani huyu anayengoja kuitwa jina darasani?" alikuwa akisema. "Enzi zetu walikuwa hawaitwi, wanakuja. Wa siku hizi wana adabu kuliko wenye nyumba." Lakini jioni ambayo mama alichelewa kurudi, bibi ndiye aliyetoka kibarazani kuangalia njia.

"Asubuhi tulikuwa tunakusanya kitabu cha mizimu, mafungu matatu yaliyokwisha kutoka," mama akaeleza, macho yapo kwenye barua. "Mchana tukaingia kwenye mwongozo. Nikaondoa mafungu yote ya mizimu mezani, nikaliacha la tatu kwanza, nilimalizie nikiwa nakula. Kengele ikalia nikiwa hapo kwenye kitasa. Nikalilaza kifudifudi juu ya rundo lake, kama kanuni inavyotaka. Nikaleta la kwanza la mwongozo, nikaleta la pili, nikaona hapa pa tatu pameshajaa, nikaendelea na la nne."

"Hukuona?" mumewe akauliza.

"Kifudifudi, Baba Kasuku! Fungu likilala kifudifudi halina sura. Karatasi ileile, ukubwa uleule. Tumezunguka mara mia mbili na arobaini."

"Na la tatu lenyewe, la mwongozo?"

"Lilibaki chini ya meza. Yule mwenzetu Mrefu aliliona Ijumaa akadhani ni ziada, akalipandisha rafu."

Fundi bomba akasimama, akakaa, akasimama tena. "Sasa sikiliza. Mko watatu mezani. Kesho wakiuliza, kaa kimya. Huyu mtoto aseme aliota."

"Semeni nilimsimulia mimi," bibi akadakia. "Nani atambishia mzee?"

"Watakuuliza kitabu hakijatoka, wewe uliisikia wapi!"

"Nitawaambia nilimjua huyo mtoto aliyezikwa."

"Mama, tafadhali!"

"Acheni," mama akasema. "Ameshasema mbele ya watoto mia nne kwamba navitengeneza mimi." Kisha uchovu, na miguu iliyosimama tangu asubuhi, na kuona kazi ya miaka tisa imelala kwenye barua yenye nakala mbili, vyote vikamgeukia aliyekuwa karibu. "Kasuku, ungeshindwa nini kusema hujui? Neno moja tu. Sijui. Mdomo wako huo utatulaza nje sisi wote."

Kasuku akainuka mlangoni akaingia ndani. Hakuna aliyemwita.

Kesho yake saa tatu Katibu wa Umoja wa Walimu Wakuu, uliouagiza mwongozo, aliingia kiwandani na tai, faili, na nakala sita za mwongozo kifuani kama mtu aliyeokota watoto wa paka. Meneja akaagiza mashine zizimwe. Hilo peke yake lilitosha kuwatia watu hofu. Mashine zile hazikuzimwa hata siku meneja alipofiwa.

Akina mama watatu walisimamishwa mbele ya meza yao: Mama Pacha, aliyekuwa na mimba nyingine ya miezi saba, yule Mrefu, na mama yake Kasuku. Bwana Rula alisimama kando, rula yake begani.

"Naomba niwasomee," Katibu akasema, "ili kila mmoja asikie aibu hii."

Akasoma. Alianza kwa ghadhabu, kila neno akilitupa. Lakini hadithi nzuri haichagui msomaji. Kufika ukurasa wa thelathini na tano sauti ilikwishashuka, na kufika pale mwalimu wa kwenye kitabu anapolifuta jina daftarini na wino unarudi wenyewe, hata mafundi mashine walikuwa wamesogea. Alisoma hadi kwenye kitasa. Akafunua, akakuta wazazi wataarifiwa kwa maandishi, akakumbuka amekuja kufanya nini.

"Upuuzi!" akasema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Watoto wadogo wamelia!"

"Waliolia ni wawili," mama yake Kasuku akasema. Hakukusudia, lilimtoka. "Mia nne walisikiliza. Kwenye kucha walisikiliza wangapi?"

Meneja akamtazama kama mtu anayetazama bomba lililoanza kuvuja mbele ya wageni.

"Wewe ndiye?"

"Bado sijasema ni nani, meneja."

"Basi kama hakuna wa kusema, nitawatoa wote watatu. Meza hii itapata watu wengine kabla ya saa sita."

Mama Pacha akaweka mkono tumboni. Hakumtazama mtu yeyote, na kule kutomtazama mtu ndiko kulikomshinda mama yake Kasuku. Angekuwa amelia, au amemnyooshea kidole, ingekuwa rahisi zaidi.

"Ni mimi," akasema. "Wenzangu hawamo. Niliacha fungu mezani."

"Kwa nini uliliacha?"

"Nilikuwa nasoma."

"Ulikuwa unasoma." Meneja akalirudia neno polepole, ili mafundi wote walipate. "Kitabu cha watoto."

"Ndiyo."

"Cha mizimu."

"Ndiyo, meneja. Muda wa chakula."

"Una miaka mingapi, mama?"

"Thelathini na minane."

Katibu akacheka kwa pua. Mmoja wa mafundi akacheka pia, kwa kuwa meneja alitabasamu. Mama yake Kasuku alisimama, mikono ameishikanisha mbele kama mtoto aliyekosa, uso unamwaka moto. Kuna watu wanaosoma magazeti ya mpira saa nzima na hakuna anayewauliza umri wao.

"Lakini nina neno," akasema. "Mafungu yangekuwa yanalala chali, ningeona. Mzunguko wa kwanza tu ningeona. Yeyote kati yetu angeona."

Bwana Rula akashusha rula begani. "Kanuni ni kanuni."

"Ndiyo hiyo kanuni iliyotufikisha hapa, Bwana Rula."

"Anayesoma hakunji!"

"Imetosha," meneja akasema. "Vitabu vyote vinarudishwa. Utavifumua wewe mwenyewe, uweke fungu lake, ushone upya. Ijumaa jioni ukimaliza, uende zako."

"Si umesema unanifukuza? Avifumue huyo wa kabla ya saa sita."

"Hakuna mwenye mkono mwepesi kama wako," meneja akajibu, wala hakuona haya. "Na ukiondoka leo, hujui kama mshahara wa mwezi huu utatoka."

Ndivyo walivyo wakubwa wa kazi. Atakupa sifa, atakupa kisu, na vyote viwili atakupa kwa mkono mmoja. Akakubali, kwa kuwa mshahara wa mwezi alikwisha kuufanyia kazi.

Watu wakatawanyika, mashine zikawashwa. Katibu alikuwa amefika mlangoni akageuka. Akarudi hatua mbili, akajikohoza.

"Huyo wa upande wa pili wa mlango," akasema kwa sauti ya chini. "Aliyeshika kitasa. Ni yule mtoto aliyezikwa?"

"Sijui, bwana. Fungu la mwisho halijatoka mashineni."

"Hujui?" Akaonekana kama mtu aliyepunjwa chenji. "Yaani umeleta zogo lote hili na mwisho hujui?" Akatoka akitikisa kichwa.

Kufumua kitabu ni kazi mbaya kuliko kukishona. Gundi ikishakauka hung'ang'ania, uzi hukata vidole, na ukivuta kwa hasira unachana ukurasa. Jumatano alifumua, Alhamisi akafumua. Mizimu mia mbili na arobaini walitoka mmoja mmoja, wakapangwa sandukuni, na kanuni za sare na kucha zikapata utulivu wao. Wenzake walimsaidia kila Bwana Rula alipogeuka. Mama Pacha hakusema asante. Alimletea chai mara nne.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Fundi bomba alizunguka mitaa kutafuta kazi ya ziada na kurudi akiulaumu mji kwa mabomba yake mazima. Jumatano jioni mama alipoingia alimkuta Kasuku kibarazani na kitabu cha jiografia.

"Kile cha kabati la shule ulichokuwa unakirudia kiko wapi?" akauliza.

"Nimerudisha."

"Umemaliza?"

"Sijamaliza." Akafunua ukurasa wa mito na maziwa. Mama alikuwa amechoka mno kuuliza zaidi. Akaingia kuosha vidole.

Alhamisi bibi akamvuta pembeni. "Huyu mtoto simwelewi. Nimemwomba anisimulie tena pale pa dawati, hataki. Shuleni hasemi na mtu. Nyie mlitaka anyamaze, haya, amenyamaza. Mmefurahi?"

"Mama, mimi nina vitabu mia moja vya kufumua kesho."

"Vya watu," bibi akasema. "Na wako?"

Ijumaa saa tisa alishona mwongozo wa mwisho. Akazipanga nakala zote mia mbili na arobaini juu ya meza, pembe kwa pembe, kwa sababu hata aliyefukuzwa ana jina lake. Wakati anafunga mkoba, fundi mashine akapita na mkokoteni, akashusha mafungu mapya mwisho wa meza, ya moto bado kutoka mashineni. Lilikuwa fungu la nne la kitabu cha mizimu, la mwisho. Yakalazwa kifudifudi.

Mama yake Kasuku akayatazama. Kisha akaenda mpaka pale, akachukua la juu, akaligeuza chali, akaanza kusoma akiwa amesimama katikati ya karakana, saa za kazi, bila kijiko.

Mrefu akaacha kukunja. Bwana Rula akaja mbio.

"Mama! Mama, hapa tuna kanuni."

"Naijua," akasema, macho hayakutoka kwenye karatasi. "Anayesoma hakunji. Na mimi sikunji tena, Bwana Rula. Kwa hiyo nasoma."

Bwana Rula alitazama upande wa ofisi ya meneja, akatazama rula yake, na haikumwambia kitu. Mtu uliyekwisha kumfukuza unamfanya nini tena? Alisimama pale robo saa nzima, huku mama akifunua kurasa bila haraka, mpaka wa kumi na sita. Mara moja alisikika akivuta pumzi kwa ghafla, na Mama Pacha akasema, "Nini? Nini?" akaambiwa na Bwana Rula afanye kazi.

Akalirudisha fungu mahali pake, chali. Getini mlinzi akapekua mkoba, akafunua bakuli, akachungulia ndani ya kisanduku cha miwani, akamruhusu apite.

Jua lilikuwa bado kibarazani alipofika. Fundi bomba aliinua macho kutoka kwenye kipande cha bomba alichokuwa anakisugua.

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Mshahara wa mwezi wamenipa. Bahasha iko kwenye mkoba."

"Na barua ya kusema wewe ni mfanyakazi mzuri?"

"Meneja amesema ataandika akipata nafasi."

"Akipata nafasi!" Akakitupa kitambaa chini. "Miaka tisa, akipata nafasi. Haya. Haya bwana." Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Kaa, Mama Kasuku. Umesimama wiki nzima."

Akakaa. Bibi akamsogezea maji. Kasuku alikuwa kwenye kiti cha kamba na jiografia yake, amefika milimani.

"Kasuku, funga hicho kitabu. Nimelisoma fungu la mwisho."

Bibi akageuza kiti chake chote. Kasuku hakuinua kichwa.

"Sitaki, mama."

"Hutaki nini?"

"Hadithi. Sipendi tena hadithi za mizimu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu." Kidole chake kilikuwa kimeganda juu ya mlima mmoja. "Ni za kitoto. Tena zinafukuzisha watu kazi."

Mama akaweka chini kikombe cha maji. Moyo ulimuuma kwanza, kwa sababu alilijua neno lililoyazaa hayo na mdomo uliolitoa. Kisha maumivu yakakutana na wiki nzima, yakageuka yakawa kitu kingine.

"Wewe!" akasema, na fundi bomba akashtuka. "Unanisikia? Nimesomewa mbele ya kiwanda kizima. Nimeulizwa umri wangu, watu wakacheka. Nimefumua vitabu mia mbili na arobaini, angalia vidole hivi, angalia! Kazi yangu imekwenda kwa ajili ya mzimu huyu. Halafu narudi nyumbani unaniambia humpendi? Nani ameniomba ruhusa ya kutompenda? Kaa hapo! Utamsikiliza mpaka mwisho, na utaogopa!"

Kasuku alikuwa amemkodolea macho.

"Aliyeacha fungu mezani ni mimi," mama akasema, sasa taratibu. "Wewe uliulizwa, ukasema kweli. Yale niliyokwambia siku ile nilikosea, tena nilikosea vibaya. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema umesikia vizuri."

"Nimesikia vizuri, mama."

"Basi." Akajifuta uso kwa kanga, akajiweka sawa. "Tuliishia wapi?"

Bibi alitaka kujibu, mwanawe akamgusa goti. Bomba lililala mapajani mwake, limesahaulika.

"Kwenye kitasa," Kasuku akasema.

"Kwenye kitasa. Msichana akashika kitasa. Upande wa pili mtu akashika kitasa pia, na kitasa kikawa cha baridi, baridi kama kimetoka chini ya ardhi. Msichana akavuta. Yule naye akavuta. Msichana akaacha kuvuta..."

"Na yule?"

"Ngoja."

"Mama, na yule akaacha?"

"Nimesema ngoja!"

Kasuku akaiacha jiografia ianguke. Akapandisha miguu yote miwili juu ya kiti, mbali na sakafu, akanyoosha mkono kutafuta wa mama yake, akaushika palepale penye vidonda, na mama hakuutoa.